Jedwali la Dhahran

Februari 1992, Ofisi Kuu ya Uhasibu ya Marekani ilitoa ripoti fupi kuhusu usiku mmoja wa Vita vya Ghuba. Inaanza na vifo: tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kutungua kombora la Scud, nalo likaangukia makazi ya wanajeshi na kuua Wamarekani 28. Baada ya hapo watu wanafifia, na saa ya kompyuta inakuwa mhusika mkuu.

Nguvu ya ripoti imo katika jedwali lake. Upande mmoja kuna saa ambazo mtambo umewashwa bila kuzimwa. Upande wa pili, umbali ambao rada imepotoka inapolitafuta kombora, kwa kuwa hesabu ya muda ya kompyuta huzidi kukosea kadiri mtambo unavyokesha. Saa 8, mita 55. Saa 20, mita 137. Saa 100, mita 687. Hakuna kitenzi hata kimoja, lakini msomaji anashuka mstari kwa mstari moyo ukimdunda, kwa kuwa mtambo wa Dhahran ulikuwa umekesha saa zipatazo 100. Habari nzito kuliko zote, kwamba ikipita saa 20 kombora huwa nje kabisa ya eneo linalotazamwa, imewekwa chini ya jedwali kama tanbihi. Hapo umbo linaniudhi. Taarifa ambayo ingeokoa maisha haistahili kuwa nyongeza.

Tarehe nazo zimesimuliwa kwa utulivu uleule. Tarehe 11 Februari, ofisi ya mradi wa Patriot ilipokea takwimu za Waisraeli zilizoonyesha kwamba mtambo hupoteza usahihi baada ya saa 8 tu. Tarehe 16, programu iliyorekebishwa ikatolewa. Tarehe 21, vikosi vikaonywa kuhusu kuwasha mtambo kwa muda mrefu sana, pasipo kuambiwa ni saa ngapi. Programu ilifika Dhahran tarehe 26.

Kichwa cha ripoti kinailaumu programu. Naiona hukumu hiyo kuwa nusu. Ulinzi wa makombora hutegemea mtandao wa rada, kompyuta na watu wanaopashana habari, na tarehe za ripoti yenyewe zinathibitisha kwamba uzi uliokatika ni ule wa watu: ile namba 8 ilijulikana wiki mbili kabla, ila haikuandikwa katika onyo walilotumiwa askari. Waandishi walikuwa na ushahidi wote wa kulisema hilo waziwazi, na hawakulisema kwa uzito unaostahili.