Mahali pa Kukata

Fundi wa nguo hapa Eldoret akiletewa sare za darasa zima, haanzi kwa kutafuta cherehani za ziada. Anaanza na mkasi. Akikata sawasawa, mmoja atashona mikono, mwingine kola, wa tatu marinda, na hakuna atakayemngoja mwenziwe mpaka saa ya kuunganisha. Akikosea, hata cherehani kumi zitakaa zikingojeana.

Namkumbuka fundi huyo kila nikiona wahandisi wakigawia prosesa nyingi kazi ya kuigiza gridi ya umeme.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima. Mitambo ya upepo ya Loiyangalani, ya megawati 310, ilikuwa imejitoa kwenye gridi. Serikali ikaitaja kuwa chanzo. Wenye mitambo wakasema volteji ya gridi ndiyo iliyopanda kwanza, nayo mitambo ikajikinga. Nani alianza? Mambo hayo hufuatana kwa milisekunde. Anayetaka kuyachunguza huijenga gridi upya ndani ya kompyuta na kuiendesha kwa hatua ndogo ndogo, tuseme mikrosekunde 50 kila moja. Sekunde moja ya giza ni hatua 20,000, na katika kila hatua volteji ya kila kituo lazima ipatikane upya.

Kompyuta moja itahema. Lakini utaigawaje kazi, ikiwa volteji ya kituo cha Lessos inategemea mitambo ya Turkwel, ya Olkaria na gridi ya Uganda kwa mpigo? Prosesa zitashinda zikiulizana.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Wimbi la umeme kwenye waya wa angani hukimbia karibu sawa na mwanga, kwa hiyo katika mikrosekunde 50 linafika kilomita 15 tu. Laini ya Loiyangalani hadi kituo cha Suswa ina takriban kilomita 430. Kwa hatua 28 hivi, lolote litokealo Loiyangalani, Suswa haina habari! Basi prosesa mbili zifanye kazi kila moja upande wake, zipashane habari baadaye, na jibu halipungukiwi kitu, kwa kuwa umbali wenyewe umekwisha kukata kitambaa. Hermann Dommel aliliandika jambo hili mwaka 1969: kila ncha ya laini inabaki na ukinzani na chanzo cha mkondo kinachobeba habari za zamani za ncha ya pili. Mshono huo ulikuwapo tayari, ukiwasubiri wenye prosesa nyingi.

Kutoka Lessos kuja Eldoret ni kilomita kama 30. Hatua mbili tu. Mkasi unapita kwa taabu. Na ndani ya kituo, kati ya transfoma na transfoma, hakuna umbali wowote. Huko hukatwa kwa hesabu, kwa njia aliyoiasisi Gabriel Kron: kila kipande kitatuliwe peke yake, kisha milinganyo michache ya viungo iviunganishe. Ila wakati viungo vinatatuliwa, prosesa nyingine zote zinangoja, na vipande vikizidi, viungo navyo vinazidi.

Fundi hodari, basi, haigusi Lessos. Anaikabidhi nzima kwa prosesa moja, na mkasi wake anaupeleka nje, kwenye laini ndefu ya Turkwel, iliyo na zaidi ya kilomita 200.