Elimu Isomwayo na Wawili

Ziko fani ambazo mwalimu alimpokeza mwanafunzi, kizazi baada ya kizazi, hata zikatufikia zingali hai. Na ziko nyingine ambazo silsila yake ilikatika, mastadi wake wakafa bila ya warithi, kisibaki nyuma yao illa maandishi. Elimu ya upanga mrefu wa mikono miwili, iliyosomeshwa Ujerumani na Italia katika karne ya 14 na ya 15, ni ya namna hii ya pili. Bunduki zilipoenea na desturi za watu zilipogeuka, upanga ule ulitoka vitani, kisha ukatoka hata katika mafunzo ya waungwana, na hati za walimu wake zikalala maktabani mamia ya miaka. Mwishoni mwa karne ya 19, mjini London, Egerton Castle na Kapteni Alfred Hutton walijitahidi kuihuisha elimu ya panga za kale, wakaitungia vitabu na kuionyesha hadharani. Walakini hawakupata wa kuipokea kazi yao, na mambo yakakaa hivyo hata miaka ya 1990, nakala za hati zilipoanza kufika mikononi mwa watu wa kawaida na vilabu vikazuka mji baada ya mji.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya namna hiyo katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na nimekusudia kuisifu fani hii kwa sababu moja ipitayo nyingine zote: sijapata kuona elimu nyingine ya kitabu isiyosomeka kabisa na mtu aliye peke yake.

Johannes Liechtenauer, ambaye Wajerumani wale walimtaja kwa taadhima kuwa ndiye mwalimu wao mkuu, aliifunga elimu yake katika beti fupi za vina, zenye mafumbo yaliyokusudiwa yasifahamike kwa mtu asiyefundishwa. Waliomfuata wakaziandikia sherehe, yaani maelezo ya kuzifafanua: yuko Sigmund Ringeck, na iko ile hati ya mwaka 1452 iliyohifadhiwa Rome, ijulikanayo kwa jina la Peter von Danzig. Aliyewahi kukaa mbele ya shehe huko kwetu pwani, akasomeshwa matini na kisha sherehe yake, neno baada ya neno, ataitambua mara moja sura ya kurasa hizi. Lakini shehe yule alikuwa hai, akiulizwa hujibu. Sherehe za upanga hazina wa kuulizwa.

Hebu tulitazame pigo moja, wanaloliita Zwerchhau, yaani pigo la kukingama. Hasimu akikuteremshia upanga kutoka juu, waruka kwa mguu wa kulia kwenda upande wako wa kulia, mikono ikiwa juu mbele ya kichwa, nawe wampiga upande wa kushoto wa kichwa chake kwa makali ya nyuma, yale yanayokuelekea wewe. Na sherehe yaongeza neno dogo, kwamba dole gumba liwe chini. Msomaji aliyeketi kitini hulipita neno hilo bila ya kulitazama mara ya pili. Ama aliyesimama na upanga wa kilo moja na nusu, aghalabu hujaribu kwanza bila ya dole hilo, akaona ncha inaanguka na kifundo cha mkono kinalemewa. Kisha hulitia dole chini ya upanga, ubapa ukalalia juu yake, na pale pale chuma kile huwa chepesi, kile kipande kilichokingamana na mpini kikatangulia mbele ya uso na kulidaka pigo lililokuwa likija.

Hapo ndipo mwenzako anapokuwa si hasimu tu bali msomaji wa pili. Walimu wale walisisitiza kuliko yote jambo la kuhisi: panga mbili zinapokutana, usingoje macho yakwambie, kwa maana macho huchelewa, usikilize kwa viganja kama mwenzako ameukaza upanga wake au ameulegeza. Akikaza, mwachie nguvu zake ziende zake, nawe uzunguke upande wa pili. Akilegeza, ncha yako isonge mbele moja kwa moja. Mwenzako akikupa pigo la uongo, lisilofika, au akijilegeza kwa kukuonea haya, basi amekusomea kitabu kwa makosa, na utarudi nyumbani na elimu ambayo hakuna aliyepata kuiandika.

Kwa ajili hiyo, ndani ya zile kofia za wavu wa chuma, makoti mazito na glavu, huku panga zikiwa butu, kinachohitajika zaidi ni insafu. Mwamuzi huona machache. Aliyeguswa ndiye ajuaye. Desturi yetu ni kwamba aliyeguswa husimama, akainua mkono na kutaja mahali alipoguswa, hata ikiwa hapana mwingine aliyeona, na nimewaona watu wakijinyima ushindi kwa ushahidi huo bila ya kusita. Nawapenda kwa hilo kuliko kwa wepesi wao.

Hati kongwe kuliko zote za elimu ya upanga zilizosalia Ulaya, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 14, imo humu humu Leeds, katika makumbusho ya Royal Armouries. Ndani yake kasisi anamfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo, na katika kurasa za mwisho anatokea mwanamke, jina lake Walpurgis, akipambana na kasisi huyo. Wanawake wa klabu yetu hawakuhitaji idhini ya picha hiyo. Lakini ni vyema ijulikane kwamba ipo.

Kwa sasa tumekwama katika pigo liitwalo Krumphau. Beti na sherehe zake zataka ncha itupwe juu ya mikono ya hasimu, hali mikono ya mpigaji imepishana. Wako wanaoshikilia kwamba pigo hilo ni la makali ya mbele, na wako wanaosema ni la nyuma. Mimi ni katika wa mbele, na mwenzangu mkuu wa mazoezi ni katika wa nyuma, kwa hivyo tumeagana kwamba yeye atanipiga kwa rai yangu, nami nimpige kwa rai yake, mpaka mmoja wetu aridhike.