Kosa la mashine na jeraha la barabarani

Ukipata sarafu ya heller 20 ya mwaka 1916, usianze kuuliza bei. Anza na herufi L mbili katika neno HELLER. Katika baadhi ya sarafu hizo ncha za L zote mbili zimejikunja. Katika nyingine zimechongoka, na ziko ambazo L ya pili peke yake ndiyo yenye ncha iliyojikunja. Kisha geuza upande wa pili uone kama taji lililo juu ya herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani) ni kubwa au dogo. Mwisho tazama rangi: shaba nyekundu au shaba ya njano. Mkusanyaji makini hulipia jinsi mambo hayo matatu yalivyokutana katika sarafu moja, na baadhi ya michanganyiko ni adimu sana.

Tofauti hizo zina chanzo kinachoeleweka. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Uingereza ziliifunga pwani ya koloni hilo, sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kuja, na zile zilizokuwa nchini watu wakazificha. Serikali ya Wajerumani ikaigeukia Tabora, penye karakana ya reli, ikaanza kugonga sarafu zake huko: heller 5, heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Shaba ya njano ilipatikana kwa kuyeyusha vyuma chakavu, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Mihuri ilichongwa humuhumu nchini, bila vifaa vya kiwanda cha Ulaya, na mafundi hawakuwa na njia ya kuchonga muhuri wa pili ulio sawasawa na wa kwanza. Kila sarafu hugongwa na mihuri miwili, wa juu na wa chini. Mmoja ukibadilishwa, mwenzake hubaki mashineni na kupata jirani mpya. Ndiyo sababu taji dogo hukutana na L iliyochongoka mahali pamoja, na L iliyojikunja mahali pengine.

Kazi hiyo haikudumu. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kusini, wakiizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Tarehe 19 Septemba Tabora nayo ikachukuliwa na Wabelgiji. Hata hivyo heller 20 zilizogongwa zilizidi milioni moja na nusu, kwa hiyo kuwa nayo tu si utajiri, na anayekuahidi mamilioni kwa sababu tu ni "ya Mjerumani" anakutapeli. Zile za dhahabu hazikufika hata elfu kumi na saba. Hizo ndizo adimu.

Heller iliyofukuliwa shambani huwa na kutu ya kijani, na wengi hukimbilia limau na majivu. Naomba waache. Asidi ya limau hula uso wa shaba, na ncha za herufi, zilizo ushahidi wote, hupotea kwanza.

Heller huipati tena kwenye chenji, maana tangu wakati huo tumepita shilingi ya Afrika Mashariki na kuingia katika shilingi ya Benki Kuu ya Tanzania mwaka 1966. Chenji ya leo ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapa Morogoro, inatafutwa kwa namna nyingine, na swali lake ni moja: alama hii ilizaliwa mashineni au ilipatikana barabarani? Muhuri ukipasuka, shaba hupenya kwenye ufa wakati wa kugonga, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Upapase kwa ukucha. Mkwaruzo wa baadaye huwa umezama. Sarafu iliyogongwa kando ya kitovu huacha mwezi mtupu upande mmoja, na upande wa pili picha huwa imekatwa. Iliyomegeka ukingoni kabla ya kugongwa huonyesha udhaifu pia kwenye ukingo wa upande wa pili, kwa sababu madini hayakubanwa sawasawa. Aliyeikata kwa tupa hawezi kuigiza udhaifu huo, na hapo ndipo ulaghai mwingi hukamatwa.

Kinachowadanganya watu zaidi ni rangi. Shilingi 100 ni chuma kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la shaba ya njano. Tabaka hilo likichakaa mfukoni, chuma huonekana kwa weupe au kutu, na mwenye sarafu hudhani ameipata iliyogongwa kwa madini mengine. Leta sumaku. Ikiikamata, ujue ni chuma kile kile cha kawaida. Si kila sarafu hukamatwa: shilingi moja ya mwaka 1966, kwa mfano, ni shaba iliyochanganywa na nikeli, na sumaku haina habari nayo. Shilingi 100 isiyokamatwa ipime kwenye mizani ya sonara pamoja na nyingine kadhaa za mwaka ule ule. Uzito ukitofautiana, yaweza kuwa imegongwa kwenye kisahani cha madini kilichokusudiwa sarafu nyingine, au ni bandia. Michoro ndiyo itakayoamua: ya bandia huwa na herufi zilizovimba na mistari isiyokatika vizuri, lakini iliyogongwa kwa mihuri halali hubaki na makali yake hata kama madini si yake.