Ukuta wa Kramnik na Tasnifu Yangu

Mwaka 2000, jijini London, Garry Kasparov alipoteza ubingwa wa dunia wa sataranji kwa Vladimir Kramnik bila kushinda hata mchezo mmoja. Mara nne Kramnik, akicheza na kete nyeusi, alitumia Ulinzi wa Berlin, ufunguzi wa karne ya 19 ambao wengi waliuona umepitwa na wakati. Humo malkia hubadilishwa mapema, na mfalme mweusi hubaki wazi, bila ngome ya kujificha. Kwa macho unaonekana dhaifu. Lakini Kasparov, mtu wa mashambulizi, alijikuta hana malkia wa kushambulia naye. Michezo yote minne iliisha sare.

Baadaye mabingwa wengine wakauiga. Ndipo ninapotofautiana na wanaosema ufunguzi hupanda chati kwa ubora wake tu. Sheria za sataranji hazikubadilika mwaka ule. Kramnik hakutafuta ufunguzi bora kuliko yote; alitafuta utakaomkera mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Wengi waliomfuata walichukua hatua zake bila kuwa na Kasparov wa kumkabili.

Nayasema haya huku nikijinyooshea kidole. Tasnifu yangu ya uzamili nimeijenga juu ya nadharia niliyoichagua kwa kuwa kila mtu anaitaja. Msimamizi wangu aliniuliza inajibu swali gani la riwaya ninayoichambua. Nilinyamaza. Wiki hii ninaisoma riwaya upya, nadharia nimeiweka kando.