Kemia Inaposomwa kwa Vidole

Asidi ya sulfuriki kwenye kitabu cha wino ni H2SO4: alama tano tu. Katika breli inageuka seli 12, maana kila herufi kubwa hutanguliwa na alama yake, na kila tarakimu ya chini hudai alama mbili zaidi, moja ya kuishusha na nyingine ya kuonyesha kwamba ni namba. Sasa andika mlinganyo mzima, 2NaOH + H2SO4 → Na2SO4 + 2H2O. Ukiacha nafasi za kawaida unapita seli 50, ilhali mstari wa mashine ya kuandikia breli ya Perkins una seli 42. Lazima mlinganyo ukatwe, na pa kuukata ni kabla ya mshale, ili mwanafunzi ajue mstari wa pili unaanza na kinachozalishwa. Mchapaji asiyejua kemia huukata karatasi inapoishia, na hata fomula moja huweza kugawanyika vipande viwili.

Nayataja haya kwa sababu ukipanda barabara kuu kutoka Ruiru hadi Thika unafika kwenye shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na baadaye ikapata sekondari yake. Breli pale si jambo geni. Hata hivyo, chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, baraza la mitihani la Kenya, KNEC, liliweka Biolojia ya wasioona kama somo lenye namba yake, 236. Kemia ilibaki 233, moja kwa wote, na karatasi yake ya tatu ni ya maabara. Naamini kilichowafungia wengi mlango si macho, bali vifaa ambavyo hakuna aliyevitengeneza.

Chukua jedwali la elementi. Seli moja ya breli huchukua karibu milimita 6 za upana. Kisanduku chenye alama ya namba na tarakimu tatu kinahitaji milimita 24. Zidisha kwa safu 18 upate 432, kabla hujaacha hata nafasi ya kidole kati ya kisanduku na kingine. Karatasi ya A3 ina milimita 420. Kulinakili jedwali la ukutani ni kazi bure. Lakini mtaala wa kidato cha pili wa 8-4-4 ulijikita kwenye elementi 20 za kwanza, na hizo hukaa kwenye safu nane. Weka ishara na namba ya atomi pekee; majina na uzito yaende karatasi nyingine. Kati ya kundi la pili na la tatu bandika ukanda wa msasa kuonyesha kwamba metali za mpito zimerukwa, kwa sababu pengo lisiloelezwa hupotosha. Jicho huona jedwali zima kwa mara moja. Kidole hulijenga kisanduku baada ya kisanduku, kama mtu anayeujua mji kwa kutembea vichochoro vyake.

Mchoro wa atomi nao hutengenezwa kwa ajili ya kidole. Nakala mama hufanywa kwa mkono: kadi ngumu, uzi wa kamba uliogandishwa kwa gundi kuwa mizingo, dengu kuwa elektroni. Kisha karatasi ya plastiki huwekwa juu yake ndani ya mashine inayoipasha joto na kufyonza hewa kwa chini, plastiki ikalala juu ya kila tuta. Kadi itobolewe kwa pini kando ya uzi ili hewa ipite, la sivyo mistari hutoka butu. Shanga za plastiki na nta zisitumike, zitayeyuka. Nakala mama moja nzuri hutoa nakala za darasa zima, na vitu vyake vyote vinapatikana dukani Ruiru.

Maabara ndiyo penye ugumu. Titresheni hutegemea rangi inayobadilika, lakini rangi si njia pekee. Mafuta ya karafuu yana eugenoli, ambayo katika besi hupoteza protoni, hugeuka ioni na kuacha kuvukiza: harufu inafifia. Ongeza asidi na harufu inarudi. Badala ya bureti, tumia sirinji yenye alama zilizokatwa pembeni, zinazohesabika kwa ukucha. Kwa usahihi zaidi, Cary Supalo, mwanakemia asiyeona wa Marekani, alishiriki kubuni kihisi mwanga kinachotumbukizwa kwenye mchanganyiko na kubadili sauti yake mwanga unapobadilika.

Harufu haina ukali wa kiashiria cha rangi kama fenolftaleini, na hilo lisifichwe; kosa la mililita litakuwa kubwa kidogo. Kwa hiyo mtunga mtihani apanue kiwango cha majibu yanayokubalika, au atoe kihisi. Karatasi ya tatu ina alama 40. Sehemu yake kubwa hutolewa kwa kupima, kuandika matokeo kwenye jedwali na kukokotoa, kazi ambazo mwanafunzi wa Thika anaweza kuzifanya akipewa sirinji yenye alama na karatasi yenye nukta.