Bure, lakini wazi kwa nani?
Jarida la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, linatoka tangu 2002 na kulisoma mtandaoni ni bure. Hongera zao. Lakini jamani, wazi kwa nani?

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, Mtwara, ilianzishwa 2000, na vijiji vya wavuvi vimo ndani yake. Mtafiti akifika Msimbati anauliza kwa Kiswahili, halafu anachapisha kwa Kiingereza. Mvuvi aliyemjibu ana simu, bando analo, ila makala haimsemeshi. Ikija hoja ya wapi pasivuliwe, ataambiwa tu "utafiti umeonyesha".

Muhtasari wa Kiswahili ni ukurasa mmoja. Wanafunzi wenzangu, tuanze na tasnifu zetu.