Herufi Zitembeazo: Je, Ni Katuni?

Neno "katuni" hubebeshwa mizigo mingi. Mtafsiri akikuta herufi za jina la filamu zikiingia, zikajipanga na kutoweka, nazo huziita katuni. Kwa maoni yetu hilo ni kosa. Katuni ni mchoro. Kinachotajwa hapa ni tendo. Mwaka 1935 Len Lye alitengeneza filamu ya A Colour Box kwa kupaka rangi juu ya utepe wenyewe, na ndani yake yamo maneno ya kutangaza huduma ya vifurushi vya posta ya Uingereza. Hamna kikaragosi humo, ila maneno hucheza.

Leo asiye na fedha aweza kukata herufi za karatasi, kuzisogeza kidogo kidogo na kuzipiga picha kwa simu: picha 12 kwa sekunde, yaani 60 kwa sekunde 5. Mwanafunzi akiambiwa "tengeneza katuni", atachora. Akiambiwa "huisha herufi", atasogeza.

Kwa hiyo twapendelea "uhuishaji wa maandishi". Kweli, maofisini leseni nazo huhuishwa. Lakini maana ya asili, kutia uhai, ndiyo hii hasa. Istilahi isiyoonyesha kazi humpoteza mtendaji.